Siku Niliyomwogesha Nyapara

Kijana wa duka la dawa za mifugo alifungua chupa ili animiminie kidogo kwenye kichupa, kama wanavyowafanyia watu wenye ng'ombe wawili watatu, na kabla hajainamisha mkono harufu ilikuwa imeshanifikia. Inafanana na mafuta ya taa, ila ina utamu fulani wa kuchefua ambao hukaa kooni. Nilikuwa nimeingia pale, dukani kwao Manundu, hapa Korogwe, hatua chache kutoka kwangu, kutafuta dawa ya viroboto. Binti yangu alikuwa ameokota kitoto cha paka nyuma ya soko, na kitoto chenyewe kilikuwa kinatembea na viroboto kuliko manyoya.

"Ng'ombe wangapi, mama?" aliniuliza.

"Si ng'ombe. Ni paka."

Alisimamisha mkono, akarudisha kifuniko. "Paka usimpake hii, mama. Mbwa huwa anaivumilia ikichanganywa vizuri, lakini paka hapana. Si unajua paka hawezi kukaa na kitu mwilini? Atajilamba mpaka aimalize yote. Halafu ataanza kutokwa udende na kutetemeka, wewe utadhani ana baridi."

Aliendelea kunieleza mambo mengi ya maana: ninunue chanuo la meno membamba, nimchane kila siku, nimwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, nifue matambara anayolalia. Sikuyasikia vizuri. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi ya duka, na yule kijana akaniletea maji akidhani presha imepanda. Nilimwambia ni jua. Asubuhi yenyewe ilikuwa ya mawingu, lakini alikuwa na adabu, akakubali kwamba ni jua.

Maana hayo maneno, ana baridi, niliyasema mimi. Niliyasema nikiwa na miaka minane, uani kwa bibi yangu kule Kang'ata, nikiwa nimempakata paka aliyekuwa anakufa mikononi mwangu. Na kwa miaka yote iliyofuata niliamini kwamba aliyemuua paka yule ni mwanamke wa nyumba ya pili.

Mama yangu alikuwa anauza nguo za mitumba Korogwe, na kwa kuwa biashara ya kutembeza nguo haiendi na mtoto mgongoni, mimi nililelewa na mama yake, Bibi Mwanahawa. Bibi alikuwa mwembamba, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kucheka, na sikio lake la kulia lilikuwa halisikii kabisa tangu utotoni. Wenyeji tulijua, ukitaka kuzungumza naye unakaa kushoto. Wageni wasiojua walikaa kulia, wakawa wanajibiwa maswali ambayo hawakuuliza. Na pua nayo ilikuwa imemalizwa na ugoro. Uji ungeungua mpaka sufuria likatoboka, Bibi yuko pembeni anakusimulia habari za ndoa ya mtu.

Nyumbani tulikuwa na Mjomba Athumani, ng'ombe wake sita, mbwa mmoja na paka mmoja. Mbwa aliitwa Watasema. Kwetu mbwa hupewa jina la kuwafikishia watu ujumbe, na Mjomba alimpa lile alipoachana na mke wake wa kwanza na kila nyumba ikawa na la kusema. Paka aliitwa Nyapara. Jina hilo alilitoa Bibi, kwa sababu paka huyo alikuwa akipita juu ya magunia ya mahindi asubuhi na jioni, mkia juu, kama wale wasimamizi waliokuwa wakimhesabia marehemu Babu matita yake ya mkonge enzi za ujana wake mashambani.

Watasema hakuvuka kizingiti. Akikaribia tu mlango, Bibi alishika ufagio, kwa sababu udende wa mbwa ukigusa chombo kuna kazi ya kukiosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na Bibi alisema mgongo wake hauna nguvu za mara saba. Nyapara yeye alikuwa mtu wa ndani. Alilala miguuni kwa Bibi, na Bibi akiswali alikuja kujinyoosha pembeni ya mkeka, naye Bibi alikuwa akisujudu kwa kumkwepa. Nilijifunza kusali kwa kumtazama Bibi, kwa hiyo kwa muda mrefu nami nilikuwa nasujudu kwa pembeni hata mahali pasipo na paka.

Kila Jumamosi asubuhi Mjomba alipulizia ng'ombe dawa ya kupe. Alichanganya dawa kwenye ndoo, akaikoroga kwa kijiti, akalijaza lile bomba la mgongoni, akawapitia ng'ombe mmoja mmoja kuanzia masikio. Iliyobaki kwenye ndoo alimmiminia Watasema. Mbwa alijikung'uta, akakimbia kuzunguka zizi kama amepagawa, na ikifika jioni kupe wamedondoka, kagaagaa juani, manyoya yanang'aa. Bibi alikuwa akimtazama kwa mbali anasema, "Leo huyu bwana harusi." Ndivyo walivyofanya watu wote wenye ng'ombe pale kijijini. Hakuna aliyeona ni ajabu.

Mimi peke yangu niliona kuna uonevu. Mbwa wa nje, asiyeruhusiwa hata kunusa mlango, anaogeshwa dawa kila wiki. Paka wa ndani, anayelala na Bibi, hana wa kumwogesha. Na wakati huo Nyapara alikuwa amezaa watoto watatu ndani ya tenga bovu chini ya kitanda, hata macho hawajafumbua, na tenga lote limejaa viroboto. Bibi alikuwa akiinama kuwabana kwa kucha mmoja baada ya mwingine, huku akilalamika, "Hawa watamkausha damu mzazi wa watu." Mzazi wa watu alikuwa amekonda kweli, mbavu zinahesabika. Nililala nikiwaza mbavu zile.

Nyumba ya pili, ng'ambo ya ua wa minyaa, alikaa Mama Salehe. Yeye na Bibi walikuwa na kinu kimoja. Kilikuwa cha nani sijui, maana kilikaa katikati, penye pengo la ua, na kila jioni walitwanga pamoja kwa kupokezana, mchi huu unapanda ule unashuka, huku wanateta kwa Kizigua ili mimi nisielewe, na mimi nilikuwa naelewa yote. Wiki ile walikuwa wamekwaruzana kidogo. Nyapara alikuwa amekamata vifaranga viwili vya Mama Salehe, naye alikuja mpaka uani akasema mbele yangu, "Huyu nyapara wenu, iko siku mtamtafuta." Bibi alicheka. Mama Salehe naye mwisho alicheka. Lakini mtoto hasikii kicheko, anasikia maneno.

Jumamosi hiyo, asubuhi, nikiwa nafagia, nilimwona Mama Salehe kupitia pengo la ua. Alichutama, akatazama huku na huku, akamtupia Nyapara kiganja cha dagaa. Nyapara alikula kwa haraka, akajilamba, akarudi kwa watoto wake. Sikulitilia maanani. Mjomba alikuwa ameshamaliza kupulizia, ametoka na ng'ombe, na Watasema kafuatana nao. Bibi alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa. Kwenye ndoo yalibaki maji ya dawa kama kikombe hivi, meupe kama maziwa ya kuongezwa maji.

Sasa, Bibi alikuwa na kawaida ya kumsema Mjomba kwamba dawa anaitia maji mengi kwa ubahili, "mpaka inakuwa uji wa mgonjwa." Kwa hiyo nilipanda juu ya magunia ya mahindi, nikaitoa chupa yenyewe pale juu ya ukuta ilikofichwa, nikaongeza. Niliongeza vizuri, kama mtu anayempenda anayempikia. Nikachukua kitambaa, nikamwita Nyapara, naye akaja, kwa sababu hajawahi kuitwa nami akapata baya. Nilimpaka kuanzia masikio, kama Mjomba anavyofanya. Nikampaka mgongo, makwapa, chini ya mkia. Nikampaka na tumbo, katikati ya chuchu, kwa kuwa viroboto wengi walikuwa huko. Alinivumilia. Alinikwaruza mara moja tu, kidogo, nami nikamwambia atulie, ni kwa faida yake.

Nilipomwachia alikwenda kivulini akaanza kujilamba. Nilifurahi. Niliona anajikausha, anajipendezesha, nikakaa naye kumtazama jinsi ulimi ulivyokuwa unapita bega, ubavu, tumbo, na kurudi bega. Alijilamba muda mrefu sana kwa bidii. Ningeweza kumzuia. Nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja.

Kisha masikio yakaanza kuchezacheza, kama anafukuza nzi ambao hawapo. Udende ukamtoka, mwembamba, ukaning'inia. Akainuka, miguu ya nyuma ikakataa, akakaa. Ngozi ya mgongoni ikawa inatetemeka kwa mawimbi, na kutetemeka kule kukashuka mpaka kwenye nyayo. Nilimbeba. Ilikuwa saa nne ya asubuhi na jua la Kang'ata linakausha mate mdomoni, na mimi nikasema, "Ana baridi. Nimemlowanisha, ana baridi."

Nilimfunga kwa khanga ya Bibi. Nikamweka karibu na mafiga, nikapuliza moto. Hakupata nafuu. Nikakumbuka kwamba alipowalalia watoto wake walikuwa wanapata joto, basi nikadhani na wao wanaweza kumpa yeye. Nikalileta tenga. Nikawapanga watatu tumboni kwake, kwenye lile tumbo, wakapapasa wakazipata chuchu, wakaanza kunyonya. Niliona nimefanya jambo la akili, nikatulia kidogo.

Alipoanza kukakamaa ndipo nilipoogopa. Niliogopa mambo mawili kwa pamoja na hayakukutana kichwani mwangu. Niliogopa Nyapara atakufa, na niliogopa kuchapwa kwa kugusa chupa, maana chupa ile tulikatazwa hata kuitazama. Nikaenda kuifuta chupa na kuirudisha mahali pake, nikakitumbukiza kitambaa chooni, nikanawa mikono kwa majivu. Niliporudi alikuwa ameng'ata ulimi wake mwenyewe. Nilipiga kelele, na aliyekuja wa kwanza alikuwa Mama Salehe, akipita kwenye pengo la ua, na nyuma yake, kutoka njiani, akaja Bibi.

Bibi alipiga magoti akamkamata paka kichwa. Mama Salehe aliangalia mara moja akageuka, akakimbia kwake, akarudi na maziwa kwenye kikombe cha bati. Mbuzi wake alikuwa amezaa siku hizo. Kwetu mnyama akila sumu hupewa maziwa, wengine husema yanasaidia, wengine husema hayasaidii, lakini kila mtu hukimbilia maziwa. Ng'ombe wetu majike walikuwa na mimba wote na hawakuwa na tone.

"Amekula nini huyu?" Bibi aliuliza. "Nani amempa nini?"

Nilikuwa nimesimama kulia kwake. Nikasema, polepole, kwamba nilimwona Mama Salehe akimpa dagaa.

"Unasemaje? Sema kwa nguvu!"

Nikasema kwa nguvu. "Mama Salehe alimpa dagaa. Asubuhi. Alitazama huku na huku, akampa."

Ilikuwa kweli tupu. Sikuongeza hata neno moja, na ndiyo maana nililala usingizi mzuri miaka mingi. Mama Salehe alikuwa amechutama, anainama kwa paka na kikombe mkononi. Alisema, "Mwanahawa, hebu ngoja, mbona huyu paka ananuka..." Bibi hakumwacha amalize. Alikipokea kile kikombe, akasimama, akayamwaga maziwa chini, yote, mbele ya miguu ya mwenzake.

"Ulisema tutamtafuta," Bibi alisema. "Haya, tumempata."

Mama Salehe alinitazama mimi, si Bibi. Nilidhani ananitazama kwa hasira ya mwizi aliyetajwa. Kisha aliokota kikombe chake, akapita kwenye pengo la ua, akaondoka. Mchana ule Mjomba alirudi na ng'ombe kunywa maji, na Watasema akaja moja kwa moja pale palipomwagwa maziwa akalamba udongo mpaka pakawa na shimo. Hakufa. Tulimwona wote watatu kwamba hafi, alikuwa anatembea mbele yetu na mkia wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kitu.

Nyapara alikufa kabla ya adhana ya alasiri. Watoto wawili walikufa jioni hiyo hiyo, wamekakamaa vile vile, midomo wazi. Wa tatu, wa rangi ya majivu, aliishi siku nne. Nilimdondoshea maji ya uji kwa ncha ya kitambaa. Alikuwa anakinyonya kidole changu kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi, anasukuma kwa viganja vyake vidogo kana kwamba mkono wangu una kitu cha kumpa. Ng'ambo ya ua tulikuwa tunamsikia yule mbuzi wa Mama Salehe akilia kukamuliwa. Nilimwambia Bibi niende nikaombe. Bibi aliniambia nikikanyaga kule atanivunja mguu. Siku ya nne nilikaa naye kiganjani tangu asubuhi, macho yalikuwa yameanza kufumbuka, jicho moja, rangi ya bluu ya maji ya sabuni. Lilinitazama, au mimi niliona linanitazama, na mchana likabaki vile vile.

Bibi alinunua kinu chake. Pengo la ua lilizibwa kwa miti ya minyaa iliyoshika upesi kama inavyoshika siku zote. Jioni ikawa na sauti ya mchi mmoja huku na mchi mmoja kule, na kwa bahati mbaya au kwa mazoea walikuwa bado wanapokezana. Bibi alipomwita mbwa kwa sauti kubwa, Watasema, Watasema, lile jina lilivuka ua likaenda mpaka kwa yule jirani, na nadhani kuna siku alimwita hata pale ambapo hakuwa na shida ya mbwa. Hawakusemezana tena. Bibi alipofariki, mimi nimeshakuwa mtu mzima na watoto, Mama Salehe alikuja msibani. Hakuingia ndani. Alikaa nje na waosha masufuria siku tatu, akaosha, akaondoka. Niliona ana uso mkavu kweli, aje hapa.

Nasema nilikuwa sijui. Tangu siku ile ya dukani nimejiuliza mara nyingi kama ni kweli. Mikono yangu ilinuka siku nzima pamoja na majivu yote, na nilipompakata yule wa rangi ya majivu nilikuwa naisikia ile harufu kwenye vidole vyangu na sikuuliza kwa nini inanisumbua. Mtoto anaweza kuweka kitu mahali na asirudi kutazama. Sina namna ya kurudi kumuuliza.

Nilifunga safari Jumapili iliyofuata. Basi mpaka Handeni, kisha bodaboda mpaka Kang'ata, na kwenye begi nilikuwa na sukari kilo mbili na khanga mpya, kana kwamba kuna kipimo cha kitu kama hicho. Mama Salehe alikuwa amekaa kivulini nyuma ya nyumba yake anapukuchua mahindi. Macho yake yote mawili yameingia ukungu, haoni, lakini vidole vilikuwa vinajua kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo nani?" Kisha, kabla sijajibu: "Zuhura wa Mwanahawa."

Nilikaa chini. Tuliulizana hali, za watoto, za mvua, za Mjomba Athumani ambaye siku hizi miguu inamsumbua. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yalipotea. "Nimekuja kwa ajili ya Nyapara," nikasema.

"Ulimpaka dawa ya ng'ombe," alisema. Alikuwa hajaacha kupukuchua.

Punje moja ilirukia mapajani pangu, nikaishika.

"Mimi nina pua, Zuhura. Nilipomwinamia tu nikajua. Nami nilifuga ng'ombe, harufu ile haijifichi. Nilitaka kusema, bibi yako akanikatisha, wajua alivyokuwa."

"Na baadaye? Mbona hukusema baadaye?"

"Nimwambie nini? Mtu umeshaambiwa umeua, halafu useme si mimi, ni huyu mtoto wa miaka minane? Si angeniona nina roho mbaya mara ya pili?" Aliweka gunzi pembeni, akapapasa jingine. "Na wale dagaa nilimpa ili ashibe, aniachie vifaranga vyangu. Basi. Nikatazama huku na huku kwa sababu nilikuwa nimeshamsema, nitaonekanaje namlisha? Nikajiambia, nitamngoja mtoto mwenyewe aseme. Ukipita na ndoo, nasema leo atasema. Ukaenda kusoma, nikasema akija likizo. Ukaolewa. Bibi yako akaumwa, nikasema sasa lazima, hawezi kumwacha mzee afe nalo."

"Sikujua, mama. Wallahi sikujua. Nimejua juzi, dukani."

Vidole vyake vilisimama. Akaugeuza uso kule alikodhani niko.

"Hilo sikuliwaza," alisema. "Miaka yote hii nimekukasirikia wewe, si bibi yako. Nilidhani unajua."

Nililia. Yeye hakulia wala hakunibembeleza. Aliniuliza swali moja, nami nilikuwa nimeomba njia nzima asiniulize.

"Alikufa akiamini ni mimi?"

Ningeweza kudanganya. Mzee haoni, marehemu hayupo, na mimi sauti yangu ilikuwa inanitii. "Ndiyo, mama," nikasema.

Alikung'uta mapaja, akaninyooshea mkono. "Ninyanyue. Twende."

Kaburi la Bibi liko nyuma ya zizi la zamani, penye mawe mawili na udongo ambao mvua zimeshausawazisha. Ile minyaa iliyoziba pengo siku hizi ni miti mirefu, kwa hiyo ilitubidi kuzunguka, njia ndefu, yeye kanishika bega. Tulipofika alitoa salamu, akasimama, akaniambia, "Haya. Mwambie."

Nilifungua mdomo, ikatoka sauti ndogo ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Kwa nguvu," alisema Mama Salehe. "Amelazwa ubavu wa kulia, sikio zima liko juu. Sema."

Nikasema kwa nguvu, kama siku ile uani. Nilisema Bibi, ni mimi, nilimpaka Nyapara dawa ya ng'ombe, Mama Salehe hana kosa, maziwa yake yalikuwa mazuri. Nikalirudia mara ya pili ili lisiwe na shaka. Zizini hakukuwa na kitu, upepo tu na mabati. Mama Salehe alikuwa ameinamisha kichwa, kanishika mkono, anasikiliza kama mtu aliyepiga hodi na anajua wenyewe wamo ndani. Tukangoja hivyo, yeye na mimi, mpaka jua likatufikia miguuni, kisha akasema nimrudishe kwake.